Ndama Hakamatwi Peke Yake

Aprili 2023, katika bustani ya wanyama ya Karachi nchini Pakistani, alikufa tembo jike aliyeitwa Noor Jehan. Alikuwa na umri wa miaka 17. Yeye na wenzake watatu walikamatwa porini Tanzania wakiwa wadogo, wakafikishwa Karachi mwaka 2009. Mwishoni miguu ya nyuma ilishindwa kuubeba mwili wake. Alitumbukia katika bwawa la zizi lake, akainuliwa kwa kreni, lakini nguvu hazikumrudia. Desemba 2024 mwenzake, Sonia, naye akafa.

Tukitoa miaka 14 kutoka 17, tunapata kwamba Noor Jehan alifikishwa Karachi akiwa na miaka kama mitatu. Kwa tembo, miaka mitatu ni umri gani? Je, ni mnyama aliyekwisha kujitegemea, au bado ananyonya? Amekwisha kujifunza nini, na nini bado?

Ubishi kuhusu kukamata tembo kwa ajili ya bustani za wanyama huanzia mara nyingi katika huruma au katika fedha. Makala haya yanaanzia katika mwili wa tembo. Tukishaelewa mwili huo unavyofanya kazi, tutaweza kupima ni nini hasa kinachochukuliwa ndama anapobebwa, na suala la maadili tutalikabili tukiwa na vipimo mkononi.

Ukubwa una gharama zake

Tuanze na hesabu ya darasani. Chukua mchemraba wenye upande wa mita moja. Uso wake mmoja una eneo la mita moja ya mraba, na ujazo wake ni mita moja ya ujazo. Sasa ongeza upande uwe mita mbili. Eneo la uso limekuwa mita nne za mraba, lakini ujazo umekuwa mita nane za ujazo. Urefu ukiongezeka mara mbili, eneo huongezeka mara nne na ujazo mara nane.

Uzito wa mnyama hufuata ujazo wake. Uwezo wa mguu kubeba uzito huo hufuata eneo la unyayo na unene wa mfupa. Kwa hiyo kadiri mnyama anavyokuwa mkubwa, ndivyo kila sentimita ya unyayo wake inavyobebeshwa mzigo mzito zaidi. Jike mzima wa tembo wa savana hufikia tani tatu hivi, na dume huweza kupita tani tano. Kinachomwezesha kusimama ni miguu iliyonyooka kama nguzo, na mto mnene wa mafuta na nyuzi ulio nyuma ya vidole. Tembo akikanyaga, mto huo hupanuka. Akiinua mguu, hurudi. Kukanyaga na kuinua huko, kilomita kumi au zaidi kwa siku juu ya udongo, mchanga na majani, husaidia damu kuzunguka miguuni, na pia husugua ngozi ya unyayo na kucha zisizidi.

Mweke mnyama huyo juu ya sakafu ya saruji, katika eneo ambalo halimlazimishi kutembea. Kucha hukua kupita kiasi na kupasuka, vijidudu huingia kwenye nyufa, na maambukizi huweza kufika mfupani. Viungo vya magoti na viwiko, vinavyobeba mzigo uleule saa zote, huanza kulika. Madaktari wa wanyama wamejua kwa miaka mingi kwamba magonjwa ya miguu na viungo ni miongoni mwa sababu kuu zinazofanya tembo wa bustani wadungwe sindano ya kuwamaliza.

Ukubwa una gharama ya pili, nayo ni chakula. Tembo mzima hula kilo 150 hivi za majani, magome na matawi kwa siku, na hunywa zaidi ya lita 100 za maji. Zaidi ya nusu ya anachokula hutoka bila kumeng'enywa. Hakuna sehemu moja ya savana inayoweza kumlisha mwaka mzima, kwa hiyo lazima ahame, na anayehama lazima ajue aendako: ni bonde gani hubaki na majani mwezi wa Septemba, ni mto upi una maji chini ya mchanga, ni njia ipi haina hatari. Hakuna tembo anayezaliwa akiyajua hayo.

Utoto mrefu una kazi yake

Mimba ya tembo huchukua miezi 22, na hakuna mnyama mwingine wa nchi kavu anayebeba mimba ndefu kiasi hicho. Mtoto huzaliwa na kilo zipatazo 100. Hunyonya mpaka mdogo wake azaliwe, kwa kawaida baada ya miaka minne au mitano. Jike huzaa kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 13 hivi, na akinusurika risasi na ukame huweza kufika miaka 60 na zaidi.

Kwa nini maisha yake yaende polepole hivyo? Mantiki ya mageuzi ya viumbe ni hii: pale ambapo wanyama wakubwa kwa umri hawafi ovyo, mzazi anayelea watoto wachache vizuri huacha kizazi imara kuliko anayezaa wengi na kuwaacha. Panya huwekeza katika idadi. Tembo, ambaye akishakua hakuna simba wa kumsumbua kwa urahisi, amewekeza katika malezi.

Tazama mkonga. Hauna mfupa hata mmoja, ni misuli mitupu inayoweza kupinda popote, na ndiyo sababu kuutumia ni ufundi. Ndama mchanga huuning'iniza tu, huukanyaga, huuzungusha bila shabaha. Hupita miezi kabla hajaweza kuvuta maji na kuyatia kinywani. Ndama huingiza ncha ya mkonga katika kinywa cha mama yake ili kunusa na kuonja anachotafuna. Hivyo ndivyo anavyojifunza kipi huliwa. Hula pia kinyesi cha wakubwa, na kwa njia hiyo hupata bakteria wa kumeng'enya nyasi, ambao hakuzaliwa nao.

Sasa tunaweza kulijibu lile swali la umri. Mtoto wa tembo wa miaka mitatu amekwisha kuanza kula majani, lakini bado ananyonya. Porini, ndama anayefiwa na mama kabla ya miaka miwili ni nadra kupona. Watafiti wa Samburu nchini Kenya wameonyesha kwamba hata waliokwisha kuachishwa ziwa, wakifiwa na mama, hufa kwa wingi kuliko wenzao ambao mama zao wako hai. Hao hawakosi maziwa. Wanakosa kitu kingine.

Elimu iliyomo kundini

Kitu hicho kimechunguzwa kwa undani katika Afrika Mashariki kuliko mahali pengine popote. Mwaka 1972 Cynthia Moss alianza kufuatilia tembo wa Amboseli, chini ya Mlima Kilimanjaro upande wa Kenya, na kazi hiyo haijakatika. Kila tembo hujulikana kwa masikio na pembe zake, na ukoo wake umeandikwa: nani ni binti wa nani, nani alikufa lini. Kutokana na kumbukumbu hizo tunajua kwamba familia ya tembo ni majike wa damu moja na watoto wao, wakiongozwa na jike mzee. Madume hukaa humo mpaka wanapobalehe, kisha hujitenga taratibu.

Mwaka 2001 Karen McComb na wenzake walichapisha jaribio walilofanya hapo Amboseli. Waliwapigia tembo kanda za sauti za tembo wengine, wengine jamaa na wengine wageni. Familia zenye kiongozi mzee zilipambanua sauti hizo kwa usahihi zaidi; zilijikusanya kwa tahadhari zinaposikia mgeni, na hazikupoteza nguvu kwa hofu zinaposikia jamaa. Familia hizohizo ndizo zilizokuwa na watoto wengi zaidi kwa kila jike. Mwaka 2014 kikundi hicho kilionyesha jambo la kushangaza zaidi. Tembo wa Amboseli wakisikia sauti ya mwanamume wa Kimasai hukusanyika na kuondoka. Wakisikia ya mwanamume wa Kikamba, hofu hupungua. Na sauti ya mwanamke au mvulana wa Kimasai haiwatishi kiasi hicho. Wamejua ni nani hubeba mkuki, na hawakuzaliwa na ujuzi huo.

Ushahidi mzito kuliko wote ulitoka Tarangire, Tanzania. Mwaka 1993 ukame mkali uliipiga hifadhi hiyo kwa miezi tisa. Katika makundi yaliyofuatiliwa na Charles Foley na wenzake, walikufa ndama 16 kati ya 81, ilhali katika miaka ya kawaida vifo ni vichache mno. Lakini vifo hivyo havikugawanyika sawa. Koo zilizotoka hifadhini kwenda kutafuta malisho mbali ziliokoa ndama wengi. Ukoo uliobaki ndani ndio uliopoteza zaidi ya nusu ya ndama wote waliokufa. Tofauti ilikuwa kwa viongozi. Walioondoka walikuwa na majike wenye umri wa kutosha kuwa waliuona ukame wa 1958 hadi 1961. Ukoo uliobaki ulikuwa umepoteza wazee wake kwa majangili katika miaka ya 1970 na 1980, na waliosalia hawakuwahi kuona ukame wa namna ile. Kila kijiji kina bibi anayekumbuka ni mizizi gani iliyoliwa mwaka wa njaa kuu. Tarangire ilionyesha kwamba tembo nao wana bibi kama huyo, na kwamba asipokuwepo wajukuu hufa.

Kuna pia nyuzi zinazoifunga familia hiyo hata isipoonekana pamoja. Sauti ni mtikisiko wa hewa. Mitikisiko ikiwa mingi kwa sekunde sauti huwa nyembamba, ikiwa michache huwa nzito. Sikio la binadamu huanza kusikia kwenye mitikisiko kama 20 kwa sekunde, ilhali miungurumo ya tembo hushuka hadi 14 hivi. Sauti husafiri mita kama 340 kwa sekunde. Gawa 340 kwa mitikisiko 17, unapata wimbi lenye urefu wa mita 20. Wimbi refu kiasi hicho hukipita kichaka na mti bila kuzuiwa, na hufifia polepole kuliko sauti nyembamba. Hivyo jike huweza kuita na kuitikiwa na mwenzake aliye mbali asikoweza kumwona. Aliyeligundua jambo hili ni Katy Payne, mwaka 1984, alipohisi mtetemo wa hewa karibu na tembo wa bustani ya wanyama ya Portland, Marekani. Ni haki kulitaja hilo, kwani bustani nazo zimeifaa sayansi. Lakini ugunduzi huo una upande wa pili: tembo wawili waliofungiwa katika zizi wana sauti ya kufika mbali, na huko mbali hakuna wa kuitikia.

Jinsi ndama anavyokamatwa

Wakamataji hawachukui tembo mzima. Tani tatu haziingii kwa urahisi katika kreti la ndege, na jike mwenye miaka 30 ana hasira, kumbukumbu na pembe. Ndama wa miaka mitatu hadi sita anabebeka, hajawa bado na nguvu ya kumuua mtunzaji, na atazoea mkono wa mtu. Samaki mkunje angali mbichi, na wanaokamata tembo wanaijua methali hiyo kwa vitendo.

Hapo zamani mama aliuawa kwanza. Jumbo, tembo aliyekuja kuwa maarufu London na kisha Marekani katika karne ya 19, alikamatwa akiwa mdogo kaskazini-mashariki mwa Afrika baada ya wawindaji kumuua mama yake. Leo hutumika helikopta. Ndama hupigwa mshale wa dawa ya usingizi kutoka angani. Familia inapojaribu kumzunguka na kumwinua, helikopta hushuka chini na kuifukuza kwa kelele na vumbi. Watu wa ardhini humpakia kwenye lori na kumpeleka katika zizi la kungojea, ambako hukaa wiki au miezi akizoeshwa kabla ya kusafirishwa.

Hivyo ndivyo Zimbabwe ilivyopeleka China zaidi ya ndama mia moja tangu 2012, wengi wakitoka eneo la Hwange. Eswatini ilipeleka 11 katika bustani za San Diego na Tampa mwaka 2003, na 17 wengine Dallas, Wichita na Omaha mwaka 2016. Namibia iliuza tembo kwa mnada, na 22 kati yao wakafikishwa Umoja wa Falme za Kiarabu mwaka 2022. Safari hizi zote zilikuwa na vibali vya serikali, kwa hiyo tunachojadili hapa si ujangili. Ni maamuzi ya ofisini.

Kinachovunjika

Turudi kwa ndama. Mwaka 2008 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Ros Clubb, Georgia Mason na wenzao, uliotumia kumbukumbu za tembo zaidi ya 4,500. Walitafuta umri ambao nusu ya wanyama huwa wamekwisha kufa. Kwa majike wa Kiafrika waliozaliwa katika bustani za Ulaya, umri huo ulikuwa miaka 16.9. Kwa majike wa Amboseli waliokufa kwa sababu za asili, ulikuwa miaka 56. Hata walipohesabiwa waliouawa na binadamu, Amboseli ilibaki na miaka 35.9.

Tafakari tarakimu hizo. Bustani haina ukame, simba wala jangili. Ina daktari, na chakula hufika kwa saa. Kama maisha ya tembo yangekuwa chakula, maji na usalama tu, tarakimu zingegeuka. Msomaji makini atauliza: hao si walizaliwa bustanini, nasi tunazungumzia waliokamatwa? Swali ni zuri. Tarakimu hizo zinatueleza mahali ambapo waliokamatwa hupelekwa, na ambapo watoto wao, wakizaa, watakulia. Kwa tembo wa Asia, utafiti huohuo ulionyesha pia kwamba kutenganishwa na mama mapema na kuhamishwa kutoka bustani moja hadi nyingine kulifuatana na vifo zaidi.

Watetezi wa bustani hujibu kwamba takwimu hizo zinaanzia 1960, na kwamba mambo yameboreka: minyororo imepunguzwa, maeneo yamepanuliwa, tembo hawawekwi tena peke yao kwa urahisi kama zamani. Jibu hilo lina uzito. Lakini bustani nyingine zimesoma ushahidi uleule zikafikia uamuzi mwingine. Mwaka 2005 bustani ya Detroit, Marekani, iliwahamishia tembo wake wawili katika makazi makubwa ya California, ikikiri kwamba baridi ya Michigan na nafasi iliyokuwapo havikuwafaa.

Madume wanatupa somo la pekee. Katika miaka ya mwanzo ya 1980, ndama walionusurika wakati wakubwa wao wakipunguzwa kwa risasi katika hifadhi ya Kruger, Afrika Kusini, walipelekwa katika hifadhi ya Pilanesberg bila tembo wazima wa kuwalea. Walipobalehe katika miaka ya 1990, madume hao waliingia mapema mno katika kipindi cha ashiki kali, homoni ya testosteroni inapopanda, wakakaa humo muda mrefu, na wakaua vifaru zaidi ya 40. Mwaka 1998 waliletwa madume sita wakubwa kutoka Kruger. Mauaji yakakoma, kwa sababu dume kijana akikabiliwa na dume mkubwa, ashiki yake hupoa. Vijana hao hawakuwekwa nyuma ya ukuta. Walikuwa porini, na bado ukosefu wa wakubwa uliwavuruga.

Tuifikirie pia familia iliyobaki. Imefukuzwa na helikopta na imepoteza ndama ambaye mama yake alimbeba karibu miaka miwili na kumnyonyesha miaka mitatu. Kama ndama ni jike, uzao wake wote umeondoka naye: jike akianza kuzaa akiwa na 13 na kuzaa kila baada ya miaka minne au mitano, huweza kupata watoto saba au wanane. Tena familia itakuwa imejifunza neno moja zaidi kuhusu binadamu na mashine zake, na wanaoishi jirani nayo, wakulima na wafugaji, ndio watakaokutana na tembo wenye hofu na hasira.

Hoja za wanaokamata

Hoja ya kwanza husema tembo wamezidi. Kusini mwa Afrika kuna maeneo ambako tembo ni wengi kweli, wanaangusha miti na kuvamia mashamba. Tuipime hoja kwa hesabu. Sensa ya angani ya 2014 iliikuta Zimbabwe na tembo wapatao 82,000. Tuseme wanaongezeka kwa asilimia 3 tu kwa mwaka. Hiyo ni 2,460, karibu 7 kila siku. Ukisafirisha ndama 30, umeondoa ongezeko la siku nne au tano. Mkulima wa pembeni mwa Hwange hataona tofauti yoyote. Hesabu hiyohiyo inatukataza kudai kwamba safari hizo zitawamaliza tembo wa Zimbabwe. Hazitawamaliza, na wala hazitawapunguza. Suala la wingi linahusu ardhi na maji: visima vinavyopampu maji hifadhini mwaka mzima, na njia za uhamaji zilizozibwa. Ndiyo maana Angola, Botswana, Namibia, Zambia na Zimbabwe zilitia saini mwaka 2011 mkataba wa eneo la pamoja la hifadhi la Kavango-Zambezi, tembo wapate pa kutawanyikia.

Hoja ya pili ni fedha. Hifadhi zinahitaji askari, magari na mafuta, na nchi tajiri zinazopenda kupokea tembo ni mara chache hulipa gharama ya kuishi nao. Lawama hiyo ni ya haki. Lakini ndama huuzwa mara moja tu, ilhali jike aliyebaki porini hutazamwa na watalii kwa miaka 50. Na fedha za mauzo hazimfikii kwa urahisi aliyekanyagiwa mahindi yake. Kinachomfikia ni mambo kama uzio wa mizinga ya nyuki, ambao mtafiti Lucy King aliujaribu Kenya, hata katika ukanda wa Sagalla karibu na hifadhi ya Tsavo: tembo huwakimbia nyuki, na mkulima huvuna asali.

Hoja ya tatu ni akiba ya mbegu: kwamba tembo wakiisha porini, watabaki bustanini. Akiba ya kweli ni ile inayojizalisha. Majike wengi wa Kiafrika katika bustani za Amerika Kaskazini hawapevushi mayai kwa mpangilio wa kawaida, na kwa miaka mingi vifo vilizidi uzazi. Ndiyo sababu hasa maombi ya ndama wa porini huendelea kuja. Ghala linalohitaji kuchota shambani kila baada ya miaka kadhaa ili lisiwe tupu haliwezi kuitwa akiba ya shamba hilo.

Hoja ya nne, ya Eswatini, ni kwamba ukame ulikuwa mkali, vifaru walihitaji majani, na tembo wangeuawa kama wasingesafirishwa. Hii ndiyo ngumu kuliko zote, kwani inatuwekea kifo upande mmoja na Dallas upande wa pili. Lakini hifadhi za Afrika Kusini zimefundisha kwamba familia nzima huweza kuhamishwa kwa lori, mama na watoto pamoja, na kuachiwa katika pori jingine. Ni kazi ghali. Kama upo uwezo wa kukodi ndege hadi Marekani, gharama pekee haiwezi kuwa jibu.

Sheria ilipofika

Agosti 2019, mjini Geneva, nchi wanachama wa mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, zilipiga kura kuhusu tembo hai wa Botswana na Zimbabwe. Kwa kura 87 dhidi ya 29, zilikubaliana kwamba wasitolewe nje ya maeneo yao ya asili barani Afrika isipokuwa kwa hali za pekee. Kabla uamuzi huo haujaanza kutumika mwezi Novemba, Zimbabwe ilikwisha kusafirisha kundi jingine la ndama kwenda China. Tanzania ilikuwa imezuia usafirishaji wa wanyamapori hai tangu 2016. Sheria kama hizi hutegemea maneno kama "hali za pekee", na maneno hayo hutafsiriwa na watu walio ofisini, chini ya macho ya wananchi au bila macho hayo.

Hukumu

Sayansi haitoi amri. Inataja bei, na anayenunua ndiye anayeamua. Bei tuliyoiona ni hii: mtoto ambaye hajamaliza kunyonya wala kujifunza, anayeondolewa katika shule pekee aliyo nayo, familia inayopoteza binti na uzao wake, na mnyama anayepelekwa mahali ambapo kile anachokihitaji zaidi, yaani wakubwa wa ukoo wake, hakinunuliki. Zizi huweza kupanuliwa na saruji kuondolewa. Bibi hajengwi.

Mtu anaweza kuuliza mbona Nairobi kuna ndama wanaolelewa na watu kwa chupa. Ndiyo, wapo. Daphne Sheldrick alihangaika miaka mingi kabla hajapata mchanganyiko wa maziwa, wenye mafuta ya nazi, ambao ndama mchanga angeumudu. Shirika lililobeba jina la familia yake hulea yatima wa ukame na ujangili, walezi wakilala nao usiku, kisha huwarudisha Tsavo, ambako wengi wamejiunga na tembo wa porini na kuzaa. Mwalimu ni mtu, lakini safari inaelekea kwa tembo wenzao. Kumlea yatima ni jambo moja. Kumfanya mtoto mwenye mama awe yatima ili apatikane wa kuonyeshwa ni jambo jingine, hata kama chakula, dawa na upendo wa mtunzaji ni vilevile.

Kwa hiyo hukumu ya makala haya ni kwamba kumkamata ndama wa tembo porini kwa ajili ya bustani ya wanyama hakuna haki, kwa sababu faida inayotajwa ama haipatikani, ama hupatikana kwa njia nyingine isiyovunja familia. Tembo walioko bustanini tayari wana haki ya kutunzwa vizuri mpaka mwisho wao, na pale panapowezekana kuhamishiwa mahali penye nafasi na wenzao. Na wewe msomaji, siku utakaposikia kwamba kibali cha kusafirisha tembo hai kinaombwa nchini mwako, uliza maswali matatu hadharani: ana umri gani, mama yake yuko wapi, na kwa nini familia yote isihamishwe pamoja.